Maneno ya uongo juu ya chanjo: tufunge watu kinywa, ao tuwajibu?

Ndugu watumishi, wamama na wababa wa ma-camp na ma-cité, leo tunaleta mbele yenu mabishano ambayo sisi wenyewe katika syndicat hatukuyamaliza kwa siku moja. Mabishano yenyewe ni haya: mutu anatembeza maneno ya uongo juu ya chanjo, odio inatoka telefoni moja inaingia ingine, mama anaisikia na anakatala mutoto wake asipigwe sindano. Tufanye nini na ule mutu? Tumufunge kinywa? Tumutoe ku grupu ya WhatsApp? Tumupeleke ku polisi? Ao tumuache aseme, kisha tumujibu mbele ya wote?

Kuko wenye kusema hii ni mambo ya wanganga na ya wakubwa wa Kinshasa, syndicat ishugulike na mishahara. Hapana. Pale kuko mine kuko watu wanatoka kila upande, wanalala wengi mu nyumba moja, maji ni ya shida, na kila mwisho wa mwezi wanarudi kwao na ugonjwa wowote walioupata. Tazameni Kamituga, muji wa wachimba zahabu kule Sud-Kivu. Mwaka wa 2023 aina mupya ya mpox ilianza kuonekana pale, ikapita kati ya wachimbaji na wanawake wa ma-bar, kisha ikafuata barabara mpaka Bukavu, Burundi, Rwanda na Uganda. Tarehe 14 mwezi wa 8 wa 2024 OMS ikatangaza hatari ya dunia nzima. Chanjo za kwanza ziliingia Kinshasa tarehe 5 mwezi wa 9, karibu dozi 100,000, na tarehe 5 mwezi wa 10 walianza kuchanja ku Goma. Ugonjwa ulianza ku shimo la zahabu. Kwa hiyo musituambie kama haya si mambo ya wachimbaji.

Na kila mara chanjo inafika, radio trottoir inafika mbele yake. Munajua maneno yenyewe: "Ile sindano inafunga wanawake kizazi." "Bazungu banataka kutupunguza." "Iko na alama ya 666." "Baba akipigwa, nguvu yake ya kiume inakufa." Tulisikia wakati wa Covid, tukasikia wakati wa mpox, na wamama wanasikia kila mwaka wakati wa polio na surua.

Uongo unaua, tusifiche

Tuanze na upande wa wenzetu wanaotaka kufunga vinywa, sababu hawasemi bure. Kati yao kuko wamama na wauguzi ambao walishika mikononi watoto waliokufa.

Surua, ile tunaita rougeole, haina mchezo. Tangu mwanzo wa 2019 mpaka mwezi wa kwanza wa 2020, inchi yetu ilihesabu wagonjwa karibu 310,000 na wafu zaidi ya 6,000. Wengi walikuwa watoto wenye hawajafikisha miaka mitano. Chanjo ya surua ilikuwa inajulikana tangu miaka ya 1960, na bei yake ni ndogo kuliko chupa ya bia.

Ebola nayo. Ile ya mashariki ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 wa 2018 na ikaisha tarehe 25 mwezi wa 6 wa 2020. Wagonjwa 3,470, wafu 2,287. Safari ile chanjo ilikuwapo, watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na iliokoa wengi. Lakini mu mwezi wa 9 wa 2018 watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na robo yao walijibu kama Ebola haiko. Mutu asiyeamini ugonjwa atakubali namna gani sindano yake? Vituo vya matunzo vilichomwa moto ku Katwa na Butembo mu mwezi wa 2 wa 2019. Tarehe 19 mwezi wa 4, watu wenye silaha waliingia ku lopitali moja ya Butembo wakamuua Richard Mouzoko, munganga wa Cameroun aliyetumwa na OMS. Alikuwa amekuja kutusaidia, akarudishwa kwao mu sanduku.

Wenzetu wanauliza: kama maneno inaweza kufikisha mpaka pale, juu ya nini tuyaache? Mutu akisema ndani ya galeri kama hakuna gazi, na gazi iko, tutamuacha aendelee kusema? Tutamunyamazisha mara moja, mbele ya watu kufa. Ni swali la haki na tulilichukua kwa uzito.

Lakini woga una mizizi

Upande wa pili wako wazee wa kazi na vijana wengi. Wao hawasemi kama uongo ni muzuri. Wanasema: angalieni kwanza unatoka wapi.

Sisi tuko watu wa Katanga. Wazee wetu walisimulia habari ya batumbula, wale wa usiku waliokamata watu wakawapeleka kusikojulikana. Wakubwa wa wakati wa Wabelgiji walisema ni ujinga wa watu weusi. Lakini mutu aliyekuwa anatolewa mu kijiji chake, anapimwa mwili sawa nyama ya soko, anachanjwa bila kuulizwa, kisha anatumwa chini ya udongo na wengine hawarudi, alikuwa na haki ya kuuliza: hawa watu wanakula nini? Hadisi ya batumbula haikuwa kweli vile ilivyosemwa. Woga uliokuwa ndani yake ulikuwa kweli kabisa.

Na Shinkolobwe je? Udongo uliotoka pale njo uliingia mu bomu ya Amerika iliyopigwa Hiroshima mwaka wa 1945. Baba zetu waliuchimba na kuubeba kwa mikono. Kazi yote ilifanywa kwa siri, na hatari ya ule udongo kwa mwili wa mutu haikuwa habari ya kupewa mutumishi mweusi. Pale uongo haukutoka ku radio trottoir. Ulitoka juu, na jina lake lilikuwa kunyamaza.

Haya si ya zamani tu. Mwanzo wa mwezi wa 4 wa 2020, ku televizyo LCI ya Ufaransa, wanganga wawili waliongea juu ya kujaribisha chanjo ya BCG katika Afrika kupima kama inazuia Covid, na mumoja akauliza kama haifai kuifanyia pale watu hawana maski wala matunzo. Dunia nzima ilisikia. Siku chache nyuma yake, Profesa Jean-Jacques Muyembe, ule tunamujua kwa kazi yake ya Ebola, alisema Kongo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo. Watu walikasirika sana, akalazimika kurudi kueleza kama chanjo haitajaribiwa kwetu mbele ya kupita kwingine, na kama hatakubali Wakongomani wafanywe panya wa laboratwari. Sasa mutu wa Kipushi aliyesikia hayo yote kwa wiki moja, akasema "banataka kutujaribia", tumuite muongo ao tumuite mutu mwenye masikio?

Na kule mashariki, wakati wa Ebola ileile, wamama na mabinti walilazimishwa kulala na watu waliokuja kusaidia, juu ya kupata kazi. Walipolia, wengi hawakuwasikia. Mu mwezi wa 9 wa 2021 tume ya uchunguzi ilitoa ripoti: washitakiwa 83, kati yao 21 walikuwa watumishi wa OMS. Mbele ya ile ripoti, mama aliyesema "hawa watu wa Ebola ni wabaya" angehesabiwa kati ya wale wanatembeza maneno mabaya. Kama tungekuwa na sheria ya kufuta kila neno linaloharibu jina la riposte, tungefuta na kilio chake.

Maneno mawili yenye mbegu ya kweli

Hapa njo mabishano yetu yalipokuwa makali, sababu delege mumoja alileta mifano miwili ambayo hatukuweza kuiruka.

Wa kwanza ni polio. Kwetu watu wanasema: "Matone ya polio njo inaleta polio." Ukimuambia mama kama ni uongo mutupu, na wewe umesema uongo. Kweli yenyewe ni hii. Chanjo ya matone iko na kirusi cha polio kilichozoofishwa. Mutoto akikunywa, mwili wake unajifunza kupigana, kisha anakitoa ku choo. Kama watoto wa mukini wote wamechanjwa, kirusi hakina pa kwenda, kinakufa. Lakini kama wengi hawakuchanjwa, na maji inachangana na choo, kile kirusi kinapita kutoka mutoto huyu mpaka ule kwa miezi mingi, kinabadilika, kinapata nguvu tena ya kupoozesha. Mwaka wa 2022 Kongo ilihesabu wagonjwa zaidi ya 500 wa polio ya namna ile, wengi wao upande wetu wa mashariki na kusini, sawa Tanganyika na Haut-Lomami. Polio ya zamani, ile ya asili, ilitangazwa kuisha Afrika tarehe 25 mwezi wa 8 wa 2020.

Angalieni vizuri fundisho lake. Ile polio inashika zaidi watoto ambao HAWAKUCHANJWA, pale wengi wanakatala ao chanjo haifiki. Dawa yake ni kuchanja wote. Wanganga nao walitengeneza matone mapya ambayo kirusi chake hakibadiliki kwa urahisi. Mama akielezwa hivi, anaelewa, sababu anajua maji ya camp na anajua choo cha camp. Akiambiwa "nyamaza, ni uongo", kisha siku moja anasikia ku radio kama wanganga wenyewe wamekubali, hatawaamini tena hata kwa surua.

Mufano wa pili ni AstraZeneca. Tarehe 2 mwezi wa 3 wa 2021 Kongo ilipokea dozi milioni 1.7. Watu walianza kusema inagandisha damu. Leta ikasimamisha kwanza, kisha ikaanza kuchanja tarehe 19 mwezi wa 4. Kati ya hapo, tarehe 7 mwezi ule, wakaguzi wa dawa wa Ulaya walikubali kama damu kuganda inaweza kutoka ku ile chanjo, lakini kwa watu wachache sana, na kwamba faida yake ni kubwa kuliko hatari. Rais Félix Tshisekedi mwenyewe alisema hadharani kama alikuwa na mashaka na AstraZeneca, na hakupigwa ile. Mu mwezi wa 9 alipigwa Moderna. Dozi karibu milioni 1.3 zilirudishwa zipewe inchi zingine, sawa Ghana na Madagascar, mbele ya wakati wake kupita.

Tunauliza wenye kutaka kufunga vinywa: mu mwezi wa 3 wa 2021, mutumishi anayeandika ku grupu "naogopa ile sindano, damu inaganda", mungemufuta? Na mukimufuta, Rais mungemufanya nini?

Mukasi uko mikononi mwa nani?

Kukata maneno kunahitaji mukasi, na mukasi unahitaji mutu wa kuushika. Hapo njo wengi wetu tulisimama.

Leta iko na mukasi. Tangu wakati wa Wabelgiji, Code pénal inaazibu kutembeza "faux bruits". Tarehe 13 mwezi wa 3 wa 2023 ikaongezeka Code du numérique, inayogusa habari za uongo ku mitandao. Ukisoma ku karatasi inaonekana muzuri. Lakini mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa mu mwezi wa 9 wa 2023 kwa mashitaka ya namna hii, juu ya makala isiyokuwa hata na jina lake chini, akakaa mu gereza la Makala miezi sita. Mbele yake, tarehe 31 mwezi wa 12 wa 2018, kisha uchaguzi, Leta ilikata intaneti inchi nzima kwa karibu siku makumi mbili, wakisema ni juu ya kuzuia uongo juu ya matokeo. Wakati ule Ebola ilikuwa inaua ku Beni. Siku chache mbele yake uchaguzi wa Beni na Butembo ulikuwa umesogezwa kwa sababu ya Ebola, na kesho yake watu wenye hasira walivamia kituo cha Ebola ku Beni. Watu walisema: "Munaona, Ebola ni ya siasa." Kukata intaneti hakukuondoa ile fikiri. Kuliithibitisha.

Kampani za mitandao nazo ziko na mukasi. Mwanzo wa 2021 Facebook ilikuwa inafuta maneno ya kusema kama Covid ilitengenezwa na watu. Mu mwezi wa 5 wa mwaka uleule ikaacha kuyafuta. Neno lilelile, katazo leo, ruhusa kesho, na sisi huku hakuna mutu alituuliza.

Na kampani za mine je? Tunajua mukasi wao kuliko wote. Mwaka wa 2020, kwa jina la Covid, watumishi wengi wa Haut-Katanga na Lualaba walifungiwa ndani ya site kwa wiki na wiki, mbali na bibi na watoto. Ku site moja ambayo hatutaitaja, kijana wetu alituma picha ya vitanda vilivyobanana na foleni ya chakula. Aliitwa ku biro akaambiwa anatembeza uongo wa kutisha watu. Picha haikuwa uongo. Iliwaaibisha, basi.

Ndugu, tusijidanganye. Mukubwa akipata leo ruhusa yetu ya kufuta odio ya chanjo, kesho atafuta odio ya galeri iliyobomoka, na kesho kutwa atafuta hesabu ya wafu. Wazee wetu waliogoma mwaka wa 1941 walipigwa risasi ku uwanja wa mupira wa Élisabethville tarehe 9 mwezi wa 12, na hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Watu wa mine wanajua bei ya habari iliyokatwa.

Tulipofikia

Je, tuache kila mutu aseme vile anataka? Hapana. Kisha mikutano mitatu, section yetu ilikubali kutenganisha mambo ambayo watu wanayachanga mu chungu kimoja.

Kwanza, woga na swali. Mama anauliza: "Ni kweli inafunga kizazi?" Huyu hafutwi hata siku moja. Swali lake linajibiwa, siku ileile, mu lugha ileile, na mutu anayejulikana: muuguzi wa centre ya afya, si mukubwa wa kampani. Na kama muuguzi hajui, aseme atauliza.

Pili, kosa. Mutu anatuma odio ya uongo akiamini ni kweli, sababu anapenda watu wake. Huyu naye hafutwi. Odio inabaki pale, na chini yake tunaweka jibu. Ukiifuta, itazunguka mu grupu zingine pasipo jibu lolote, na watasema: "Walifuta sababu ni kweli." Lisemwalo lipo, kama halipo liko njiani, watu wetu wanaamini ile mezali, na kila kufuta kwa siri kunaipa nguvu.

Tatu, uchochezi. Mutu anasema "twende tuchome kituo", ao anatoa jina na nyumba ya muuguzi ili watu wamupige. Hapa hatubishani. Linatolewa saa ileile, na muuguzi anaonywa ajifiche. Yule aliyeuawa Butembo njo anatukataza kungoja.

Ine, biashara. Mutu anatia watu woga wa chanjo, kisha anawauzia maji yake ya miti ao mafuta ya maombi, ao anauza karatasi ya chanjo ya uongo. Huyu hana fikiri ya kubishania, iko na duka. Anatolewa, na tunasema mbele ya wote kwa nini.

Na juu ya hayo, kila anayetolewa anaelezwa sababu, na anaweza kujitetea mbele ya mukutano. Hatupeleki mutu ku polisi juu ya neno la chanjo, isipokuwa ametafuta damu ya mutu.

Kuko na njia moja ya katikati ambayo tuliipenda: kupunguza mbio. WhatsApp haiwezi kusoma odio zetu, lakini mu mwezi wa 4 wa 2020 iliweka mupaka: ujumbe uliopita mikono mingi hautumwi tena ku grupu tano kwa mara moja, ni ku moja tu. Neno halikufutwa, lilifungwa mawe ku miguu. Na sisi tumeweka kanuni yetu: odio isiyokuwa na jina la aliyesema, wala tarehe, wala mahali, haitumwi mbele mpaka mutu aseme ameitoa wapi. Wengi wananyamaza wenyewe hapo.

Tuseme kweli pia kama si wote walikubali. Muuguzi mumoja alisimama mwisho akatuambia: surua inaua mutoto kwa siku chache, na ninyi munataka kujibu odio moja moja sawa watu wenye wakati. Hatukumupa jibu la kumaliza neno lake. Bei ya njia yetu iko, na mara ingine italipwa na mutoto. Lakini njia ya kufunga vinywa nayo iko na bei, na ile italipwa na watoto wengi zaidi, siku ambayo hakuna mutu anaamini tena sauti yoyote inayotoka juu.

Yale tunadai

Kujibu uongo kunahitaji kweli ikuwe mikononi mwetu. Kwa hiyo tunadai.

Kwa Leta: chanjo zifike. Watoto wengi waliokufa na surua hawakuuawa na odio. Chanjo haikufika, ao ilifika imeharibika sababu frigo haikuwa na moto, ao centre ya afya iko mbali sana. Ni rahisi kumushitaki mama mujinga kuliko kutengeneza frigo. Na shida za chanjo zisemwe hadharani mbele radio trottoir haijazisema.

Mufano: mu mwezi wa 2 wa 2021 OMS ilitangaza mupango kwa watu wa inchi 92, Kongo ikiwa ndani, kwamba mutu akipata shida kubwa juu ya chanjo iliyotoka COVAX, alipwe pasipo kwenda tribinali. Ni wangapi kati yenu mulisikia ile habari? Tungeisikia, tungeweza kumuambia mutu mwenye woga: ukiumia, kuko mahali pa kudai. Habari nzuri nayo ilikatwa, na hakuna mutu aliyeikata kwa kusudi. Walisahau tu kutuambia.

Kwa wakubwa wa kampani: baba ao mama apewe siku yenye kulipwa kupeleka mutoto ku chanjo. Mutumishi aulizwe, aelezwe, na asitishwe kufukuzwa. Ile sindano mutu anapigwa kwa kutishwa, hata kama ni muzuri, inazaa odio makumi.

Kwa wachungaji na wapasta: munapendwa, munasikiwa. Yule asiyejua chanjo inafanya kazi namna gani, aulize muuguzi mbele ya kupanda ku mimbari.

Kwa ma-creuseurs wasiokuwa na kampani wala lopitali yao: ninyi munapata ugonjwa wa kwanza na sindano ya mwisho. Chagueni kati yenu, ku kila site, watu wawili wanaoaminiwa, mume mumoja na mwanamuke mumoja, ambao wataenda kuuliza ku centre ya afya na kurudisha jibu.

Na kwa familia: tafuteni karatasi za chanjo za watoto, muangalie dozi gani inakosa, hasa ya surua ya miezi tisa. Muko na woga? Njooni nao. Kila siku ya ine nyuma ya kazi, delege wa section anakaa pamoja na muuguzi kujibu maswali. Hakuna swali litachekwa pale, na hakuna jina litaandikwa.